KALAMU YA SHERIA IKO MKONONI MWA NANI?



Mwisho wa mwezi wa Oktoba mwaka 2024, tulipopokea karatasi za mishahara, watu walikusanyika penye mlango wa karakana, kila mmoja ameshika yake huku akitazama ya mwenzake. Jina la NHIF tulilolizoea lilikuwa limeondoka. Mahali pake paliandikwa SHIF, na makato yake yalikuwa asilimia 2.75 ya mshahara mzima. Fundi mmoja akasema, "Twende kwa mbunge, ndiye aliyepitisha jambo hili." Wengi wakakubali. Baadaye mbunge mmoja aliulizwa katika mkutano wa watu, naye akajibu kwa maneno machache: "Asilimia hiyo hatukuiandika sisi."

Wenzangu walimzomea, wakidhani anawadanganya. Mimi nilikwenda nikaisoma sheria yenyewe, polepole, maana elimu yangu ni ya shule ya misioni na Kiingereza cha sheria ni kigumu. Nikaona kwamba mbunge yule alisema kweli, lakini alisema nusu ya kweli.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 yasema kwamba mwenye mshahara atakatwa. Lakini atakatwa kiasi gani? Hilo sheria haikulitaja. Iliacha liandikwe katika kanuni, na kanuni hutungwa na Waziri. Kanuni zikatangazwa mwezi wa Machi 2024, na humo ndimo ilimoandikwa asilimia 2.75, na kwamba mtu asilipe chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Nusu ya pili, ambayo mbunge hakuisema, ni kwamba kalamu ile Waziri hakuiokota njiani. Alipewa na Bunge.

Sasa swali kubwa ni hili. Katiba yetu, kifungu cha 94, yasema kazi ya kutunga sheria ni ya Bunge. Tuna wajumbe 349 katika Bunge la Taifa na maseneta 67, bila kuwahesabu maspika, nasi ndio tunaowalipa. Kwa nini basi waandike nusu ya sheria, halafu wampe Waziri au bodi kalamu amalizie? Je, ni uvivu? Ni hila? Nimelifikiri sana jambo hili, na kwa maoni yangu sababu ni nne. Tatu ni njema. Ya nne ndiyo itupasayo kuitazama kwa macho mawili.

Sababu ya kwanza ni wakati. Tuliosoma misioni twakumbuka habari ya Musa katika kitabu cha Kutoka. Alikaa kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, na watu wamesimama wakingoja. Mkwewe Yethro akamwambia kwamba kazi hiyo itamchosha yeye na watu pia. Afadhali achague watu waaminifu wanaochukia rushwa, wawe wakubwa wa maelfu na wa mamia na wa makumi, waamue mambo madogo, na lile lililo gumu lipelekwe kwa Musa. Bunge nalo ni vivyo hivyo. Chukua amri ya mishahara ya kima cha chini. Ndani yake mna kibarua wa kawaida, mlinzi wa usiku, dereva, karani na mafundi wa daraja mbalimbali, na kila mmoja ana kiasi chake kwa mji mkubwa, kwa mji mdogo na kwa mahali pengine. Mswada wa Bunge sharti usomwe mara tatu, upite katika kamati, kisha upelekwe kwa Rais kutiwa sahihi. Kama kila nyongeza ya mlinzi wa usiku ingepita njia hiyo, mlinzi angezeeka akingoja. Kwa hiyo Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007 ilimpa Waziri wa Kazi uwezo wa kutoa amri ya mishahara, akishauriwa na baraza la mishahara ambalo ndani yake waajiri na wafanya kazi wana viti sawa kwa sawa.

Sababu ya pili ni ujuzi. Mbunge anaweza kuwa mwalimu hodari, mkulima au mwana sheria mwema, lakini hawezi kujua daraja fulani lachukua tani ngapi, wala dawa fulani yafaa kuuzwa kwa masharti gani. Mambo hayo yana watu wake waliosomea. Bunge likisema "njia za reli ziwe salama," limesema vema. Likianza kuhesabu misumari ya reli, litakosea, na sisi ndio tutakaokufa.

Sababu ya tatu ni mabadiliko. Bei ya mafuta haikai mahali pamoja. Kila mwezi, tarehe 14, mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, yaani EPRA, hutangaza bei mpya, na siku ya pili yake bei hizo huanza. Kazi hiyo ya kuweka bei ya juu ilianza Desemba 2010, chini ya tume iliyoitangulia mamlaka hiyo. Ukiipenda bei au usiipende, ni wazi kwamba Bunge haliwezi kutunga sheria mpya ya petroli kila mwezi.

Sababu ya nne ni lawama. Mbunge anayepiga kura ya kuwakata watu mishahara anajiandikia jina lake mahali ambapo watu watalisoma siku ya uchaguzi. Lakini akipiga kura kwamba "watakatwa kiasi kitakachowekwa," basi kiasi chenyewe kitakuja baadaye, kwa mkono wa mwingine, naye atasimama mbele yetu na kusema, "Si sisi." Sisemi kwamba wabunge wote walikuwa na nia hiyo. Nasema mlango wa kutorokea lawama uko wazi, na mtu akiona mlango wazi nyuma yake ni vigumu asiutazame.

Linganisheni makato mawili yaliyo katika karatasi moja ya mshahara. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5. Kiasi hicho kiliandikwa na Bunge lenyewe, kwanza katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, na baada ya Mahakama Kuu kuukataa mwezi wa Novemba mwaka huo, kikaandikwa tena katika sheria ya nyumba iliyotiwa sahihi Machi 2024. Watu walijua nani alisema ndiyo na nani alisema la. Mwezi wa Juni 2024 vijana walipoukataa Mswada wa Fedha, walijua nyumba ya kwenda, wakaenda penye lango la Bunge, na wengine walikufa hapo. Rais akakataa kuutia sahihi mswada ule. Lakini asilimia 2.75, ambayo karibu ni mara mbili ya ushuru wa nyumba, ilikuwa imekwisha kuandikwa katika Gazeti la Serikali miezi mitatu kabla. Mimi sikuona tawi hata moja lililofunga njia kwa ajili ya kanuni zile.

Nataka kusema kwa haki. Asilimia hiyo haikumwumiza kila mtu. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akilipa NHIF shilingi 750, na sasa analipa 550. Mwenye 50,000 alikuwa akilipa 1,200, na sasa ni 1,375. Mwenye 100,000 alikuwa akilipa 1,700, na sasa ni 2,750. Mtu aweza kusema huo ni usawa, mwenye nacho amsaidie asiye nacho, na mimi sitabishana naye hapa. Neno langu si kwamba kiasi kile ni kibaya. Neno langu ni kwamba kiasi kikubwa namna hiyo kiliamuliwa mahali tusipokuwa tukitazama, na kesho chaweza kubadilishwa mahali hapo hapo.

Wenzetu wengine wanasema: basi Bunge liandike kila kitu, lisimpe mtu kalamu. Mimi sikubali, na sababu zangu nimezitoa kazini. Njia ya zamani ya reli ni reli moja kwa sehemu kubwa, gari la kwenda na gari la kurudi hupita juu ya chuma kile kile. Kitabu cha kanuni chasema gari lisiingie katika kipande cha njia mpaka lipewe ruhusa. Hiyo ni sheria kubwa, haibadilishwi na mtu wa stesheni. Lakini gari lipi lingoje penye njia ya kupishana, na lipi litangulie, hilo halimo kitabuni. Linaamuliwa na watu walio kazini siku hiyo, maana wao ndio wajuao gari lipi limechelewa na lipi limebeba mzigo wa kuoza. Kama wakubwa wangetaka kuliamua hilo kwa barua, magari yote yangelala njiani.

Lakini tazameni pia upande wa pili. Ruhusa ile huandikwa daftarini, pamoja na saa yake. Pakitokea ajali, kitu cha kwanza kutakwa ni daftari. Stesheni masta amepewa uwezo wa kuamua, hakupewa reli iwe mali yake. Basi hivyo ndivyo ninavyopenda Bunge lifanye: litoe kalamu, na pamoja na kalamu litoe daftari.

Uwezo usio na daftari twaujua, maana nchi hii iliuonja. Mwezi wa Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na kuanzia hapo kanuni zikatungwa kwa kalamu ya Gavana. Kwa kanuni hizo maelfu ya watu waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kabla ya hapo, mwaka 1950, ndugu Makhan Singh wa vyama vya wafanya kazi aliwekwa kizuizini kwa amri ya Gavana, asiachiliwe mpaka mwaka 1961. Wala tusiseme hayo yalikuwa ya wakoloni tu. Mwaka 1966 Bunge letu wenyewe, la nchi huru, lilimpa Rais uwezo wa kuweka watu kizuizini kwa kanuni za usalama wa umma, na mwaka huo huo viongozi wa vyama vya wafanya kazi walikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Bunge lilitoa kalamu bila kuuliza itaandika nini. Walioandikwa ni sisi.

Kwa sababu ya mambo kama hayo Katiba ya mwaka 2010 iliweka kizuizi. Kifungu cha 94 chasema kwamba mtu yeyote, au chombo chochote, hakiwezi kutunga jambo lenye nguvu ya sheria isipokuwa kwa idhini ya Katiba au ya sheria. Tena sheria inayotoa idhini hiyo sharti itaje wazi kusudi lake, mipaka ya uwezo huo, aina ya kanuni zitakazotungwa, na misingi ya kufuatwa. Mimi si wakili, lakini nauliza kama mfanya kazi: sheria ikisema mtu atakatwa, isitaje hata kiasi cha juu kisichopitwa, mpaka u wapi?

Halafu mwaka 2013 Bunge lilitunga sheria ya kusimamia kanuni zote za namna hii. Hili ndilo daftari letu, nami naomba kila mwanachama alijue. Sheria hiyo yataka watu watakaoguswa na kanuni washauriwe kabla hazijatungwa. Kanuni zikiwa na gharama kubwa kwa watu, sharti gharama na faida zake ziandikwe na kuelezwa. Zikisha tangazwa, sharti zipelekwe Bungeni katika siku saba za vikao, na zisipopelekwa zinakufa. Huko kuna kamati inayozichunguza, nayo yaweza kuliomba Bunge lizifute, zote au sehemu. Kamati ina siku 28 tangu kuletewa kanuni. Ikinyamaza, kanuni huhesabiwa kuwa zimekubaliwa. Tena kila kanuni hufa yenyewe baada ya miaka kumi, isipokuwa imeongezewa muda au imeondolewa mapema.

Wenye mali wanayajua hayo yote. Kanuni za kudhibiti tumbaku zilipotangazwa mwaka 2014, kampuni ya British American Tobacco Kenya haikungoja. Ilikwenda Mahakama Kuu, ikaenda Mahakama ya Rufani, ikafika mpaka Mahakama ya Juu, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba haikushauriwa ipasavyo. Ilishindwa mwezi wa Novemba 2019, nami nafurahi kwamba ilishindwa. Lakini jifunzeni kwayo. Matajiri hawangoji kalamu iandike ndipo wapige kelele. Wanakaa karibu na meza.

Sisi je? Katika mkutano wa tawi letu niliuliza, "Zile kanuni za afya zilipoombewa maoni, nani wetu aliandika?" Watu walitazamana. Hakuna aliyejibu. Na mimi niliyeuliza sikuandika pia. Tulikuwa tunangoja mbele ya meza ya zamani, na kalamu ilikuwa imekwisha kuhamishiwa chumba kingine.

Tena tusidhani kwamba kalamu ikiwa kwa Waziri mambo huenda upesi sikuzote. Siku ya Wafanya Kazi, tarehe 1 Mei 2024, Rais alitangaza nyongeza ya asilimia 6 kwa kima cha chini. Tulishangilia. Lakini maneno ya jukwaani si sheria. Sheria ni amri ya Waziri iliyochapwa katika Gazeti la Serikali, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2024. Kibarua wa kawaida katika mji kama Nairobi alitoka shilingi 15,201 na senti 65 akafika 16,113 na senti 75, bila kuhesabu posho ya nyumba. Tofauti ni shilingi 912 na senti 10 kwa mwezi. Zidisheni kwa miezi sita ya kungoja: shilingi 5,472 na senti 60. Fedha hizo ni karo na unga. Hazikuibwa na mwajiri, wala hazikukataliwa na Bunge. Zilipotea kati ya shangwe na Gazeti, kwa sababu hapakuwa na siku iliyowekwa ambayo Waziri sharti awe ametia sahihi.

Basi tufanye nini? Natoa mashauri manne, na Halmashauri Kuu yaweza kuyapima.

1. Kila tawi lichague msomaji mmoja wa Gazeti la Serikali. Hutoka kila Ijumaa, pamoja na nyongeza zake ambazo ndani yake huchapwa kanuni. Kazi ya msomaji ni kutazama neno lolote lenye kugusa mshahara, makato, saa za kazi au usalama, na kumwarifu katibu wa tawi siku ile ile.

2. Mswada ukiwa Bungeni, tusiulize tu "wasema nini?" Tuulize pia "wampa nani kalamu?" Kila mahali palipoandikwa kwamba kiasi au masharti yatawekwa baadaye, tudai mipaka iandikwe ndani ya sheria yenyewe: kiasi cha juu kisichopitwa, na siku ambayo kazi sharti iwe imekwisha. Uzito wa mshahara wa mtu ni lile jambo gumu ambalo Yethro alisema liletwe kwa Musa. Lisiachwe lote kwa wakubwa wa makumi.

3. Kanuni zikitangazwa, tupeleke maoni yetu kwa maandishi kwa Waziri na kwa ile kamati ya Bunge kabla siku 28 hazijapita. Barua ya ukurasa mmoja iliyofika kwa wakati yafaa kuliko maandamano yaliyochelewa.

4. Wanaokaa kwa niaba ya wafanya kazi katika mabaraza ya mishahara na katika bodi watuletee habari. Kiti kile si zawadi. Twataka tujue walisema nini, na walijibiwa nini, na iandikwe katika gazeti hili letu.

Najua wako watakaosema haya ni mambo ya mawakili, na kazi yetu ni kupiga nyundo. Lakini wazee wetu waliopigania chama hawakuwa mawakili. Walijifunza kusoma amri za mkoloni kwa sababu amri zile zilikuwa zikisoma majina yao. Nasi makato yanasomwa juu ya majina yetu kila mwisho wa mwezi.

Bunge litaendelea kutoa kalamu. Nchi kubwa haiwezi kuendeshwa bila hivyo, na anayewaambia vingine anawapendeza tu. Kazi yetu ni kujua kila siku kalamu iko chumba gani, imeshikwa na nani, na daftari limewekwa wapi. Mkutano ujao wa tawi letu ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mimi nimejitolea kuwa msomaji wa Gazeti. Natafuta mwenzangu mmoja wa kunisaidia, maana nikiwa zamu ya usiku Ijumaa, pasipite hata juma moja ambalo halikusomwa.

Wenu katika chama,

Mfanya kazi wa Reli,
Nairobi